Kemikali Kinga na Uhifadhi wa Mwani Hadubini wa Baharini kwa Kugandisha: Historia na Mafunzo Yake kwa Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya matumizi ya kemikali kinga katika kuhifadhi mwani hadubini wa baharini kwa njia ya kugandisha. Yanafuatilia maarifa hayo tangu ugunduzi wa uwezo wa gliseroli mjini London, uliochapishwa mwaka 1949, hadi taratibu zinazotumiwa leo katika hazina za mwani. Hoja kuu ni kwamba ugunduzi wa kemikali wenyewe haukutosha. Kila kemikali iliyoikinga seli dhidi ya barafu ilikuwa pia sumu kwa kiwango fulani, na mafanikio yalipatikana kwa kuipima aina moja baada ya nyingine, katika taasisi zilizokuwa na watunzaji wa kudumu. Kwa sababu hiyo, hazina za leo zimejaa aina zilizostahimili kemikali na baridi, ilhali aina nyingine muhimu bado zinategemea mikono ya watu. Makala yanahitimisha kwamba Afrika Mashariki, ambayo tayari inatumia naitrojeni kimiminika kuhifadhi mbegu za mafahali, ina msingi wa kuanzia. Lakini msingi huo utafaa tu ukiambatana na uwekezaji katika watunzaji.

1.0 Utangulizi

Mwani hadubini ni mwani usioonekana kwa macho matupu, ambao sehemu kubwa yake ni wa seli moja. Licha ya udogo huo, mwani huu pamoja na bakteria wa kijani-bluu waishio baharini hufanya takriban nusu ya usanisinuru wote wa dunia. Katika vituo vya kutotoleshea chaza, kamba na samaki wa baharini, mwani hadubini ndio chakula cha kwanza cha viumbe wachanga. Lava wa chaza huuchuja moja kwa moja kutoka majini. Lava wa samaki wengi hula rotifa, na rotifa nao hulishwa mwani. Mnyororo huo ukikatika mwanzoni, hakuna kinachovunwa mwishoni.

Kwa zaidi ya karne moja, njia kuu ya kuutunza mwani huu imekuwa kuuhamisha kwa mkono. Mtunzaji huchukua kiasi kidogo cha maji yenye mwani kutoka chupa ya zamani na kukitia katika chupa mpya yenye maji ya bahari yaliyotakaswa na kuongezwa virutubisho. Baada ya wiki chache, kazi hiyo hurudiwa, na huendelea hivyo mwaka hadi mwaka. Njia hii ni rahisi kuieleza na ngumu kuidumisha. Chupa moja ikiingiwa na kiumbe kigeni, nasaba nzima inaweza kupotea. Lebo mbili zikibadilishana, kosa hilo huenda lisigundulike kwa miaka mingi. Zaidi ya hayo, mwani unaoishi chupani kwa vizazi maelfu huzoea maisha ya chupani, na hatimaye unaweza kutofautiana na ule uliotolewa baharini.

Kwa diatomu, hatari hiyo imo katika umbo lenyewe. Diatomu ina ganda la silika lenye nusu mbili, moja ikiwa imeifunika nyingine kama kopo na kifuniko chake. Seli inapogawanyika, kila upande hujenga nusu mpya ndani ya ile ya zamani, hivyo mmoja wa watoto wawili huwa mdogo kuliko mzazi. Jambo hili lilielezwa na Macdonald na Pfitzer, kila mmoja kwa upande wake, mwaka 1869. Aina nyingi hurejesha ukubwa wake kwa kuzaliana kijinsia. Zisipofanya hivyo chupani, huzidi kupungua kizazi baada ya kizazi hadi kufikia udogo usiowezesha uhai kuendelea. Kwa hiyo, mtunzaji anaweza kutimiza wajibu wake wote bila kosa na bado akaipoteza nasaba.

Hapo ndipo wazo la kugandisha lilipopata uzito. Katika nyuzi 196 za Selsiasi chini ya sifuri, ambazo ni jotoridi la naitrojeni kimiminika inayochemka, mabadiliko ya kikemia ndani ya seli husimama kwa hakika. Seli haikui, haigawanyiki, haipungui wala haizeeki. Hata hivyo, kati ya seli hai na utulivu huo kuna barafu, na barafu huua. Historia inayoelezwa katika makala haya ni ya jitihada za kuivusha seli katika barafu hiyo kwa msaada wa kemikali.

2.0 Utunzaji Kabla ya Kemikali Kinga

Mwaka 1910, Allen na Nelson wa maabara ya bahari ya Plymouth, Uingereza, walichapisha utafiti wao kuhusu kuotesha viumbe wa planktoni kwa njia bandia. Kazi yao ilionyesha kuwa diatomu za baharini zinaweza kukuzwa maabara kwa muda mrefu iwapo maji yatatiwa virutubisho vinavyofaa. Huko Port Erin, katika Kisiwa cha Man, Mary Parke alitenga mwaka 1938 kiumbe kidogo cha rangi ya dhahabu-kahawia ambacho mwanzoni kilijulikana kwa namba tu, na ambacho mwaka 1949 alikipa jina la Isochrysis galbana. Mwaka 1940, Bruce, Knight na Parke walichapisha matokeo ya kulea lava wa chaza kwa kuwalisha mwani wa aina hiyo. Tangu wakati huo, mwani uliotoka katika bwawa moja la Port Erin umelisha chaza katika mabara mbalimbali.

Kwa upande wa mwani kwa jumla, jina linalotajwa zaidi ni la Ernst Georg Pringsheim, aliyejenga mkusanyiko wa nasaba katika Chuo Kikuu cha Kijerumani cha Prague miaka ya 1920. Mwaka 1938, akiwa mwanazuoni mwenye asili ya Kiyahudi, alilazimika kukimbilia Uingereza. Mkusanyiko wake ulipanuliwa huko, na mwaka 1947 ukawa chini ya Chuo Kikuu cha Cambridge. Kutoka katika mizizi hiyo kilikuja kituo kinachojulikana leo kwa kifupi cha CCAP, ambacho sasa kipo Oban, Uskoti. Pringsheim mwenyewe alirejea Ujerumani na kuanzisha mkusanyiko mwingine mjini Göttingen. Huko Marekani, Richard Starr alianzisha mkusanyiko wa Chuo Kikuu cha Indiana mwaka 1953, ambao baadaye ulihamia Texas.

Historia hii fupi inadhihirisha jambo moja. Makusanyo makubwa ya mwani yalianza kama kazi ya mtu mmoja mmoja, na uhai wake ulifuata uhai wa watu hao. Vita, uhamisho, kustaafu na kufariki kwa mtunzaji vilikuwa tishio kwa mwani kama ilivyokuwa kwa mtunzaji mwenyewe. Kilichokosekana ni njia ya kuutenganisha uhai wa nasaba na uwepo wa mtu anayeihamisha kila mwezi.

3.0 Ugunduzi wa Mill Hill na Maelezo Yake

Dhana ya kwamba kemikali inaweza kuikinga seli dhidi ya baridi haikuanza mwaka 1949. Mwaka 1912, Nikolai Maximov alichapisha utafiti ulioonyesha kuwa sukari, gliseroli na vitu vingine vilipunguza madhara ya kuganda katika tishu za mimea. Katika miaka ya 1930, Basile Luyet, padri mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi Marekani, alitafuta njia ya kuigandisha seli haraka kiasi kwamba maji yake yageuke kuwa kama kioo bila kutengeneza fuwele za barafu. Kitabu chake na Gehenio kuhusu uhai na kifo katika jotoridi la chini kilitoka mwaka 1940. Pamoja na juhudi hizo, hapakuwa na utaratibu wa kutegemewa.

Mabadiliko yalikuja katika Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Tiba, Mill Hill, London. Christopher Polge, Audrey Smith na Alan Parkes walikuwa wakijaribu kugandisha mbegu za jogoo kwa kutumia myeyusho wa sukari ya matunda. Majaribio ya awali hayakufua dafu. Baadaye, chupa iliyokuwa imehifadhiwa mahali pa baridi ilitoa matokeo mazuri yasiyotarajiwa, lakini myeyusho mpya wa sukari ileile ukashindwa tena. Kiasi kidogo kilichosalia katika chupa ile kilipopimwa, kilionekana hakina sukari kabisa, bali kilikuwa na gliseroli na albumini. Lebo zilikuwa zimechanganywa. Watafiti hao walitambua kuwa gliseroli ndiyo iliyofanya kazi, na wakachapisha matokeo yao katika jarida la Nature mwaka 1949. Mwaka 1951 iliripotiwa Uingereza kuzaliwa kwa ndama aliyetokana na mbegu za fahali zilizogandishwa.

Kwa nini gliseroli ilikinga? James Lovelock, ambaye baadaye alijulikana zaidi kwa nadharia yake ya Gaia, alitoa jibu mwaka 1953 alipochunguza chembe nyekundu za damu. Alieleza kwamba barafu inapojiundia hutwaa maji matupu na kuacha chumvi. Kadiri barafu inavyoongezeka, maji machache yaliyobaki huzidi kukolea chumvi, na ukolezi huo ndio unaoharibu utando wa seli. Gliseroli ikiwemo, hubaki pamoja na maji ambayo hayajaganda, ikayazuia yasipungue kupita kiasi na hivyo ikapunguza ukolezi wa chumvi katika kila hatua ya kupoa. Sharti lake ni kwamba kemikali lazima iingie ndani ya seli. Kwa kuwa gliseroli huingia polepole au kwa shida katika seli za aina nyingine, Lovelock na Bishop walitafuta mbadala na mwaka 1959 wakatangaza dimethili salfoksaidi, ambayo hupenya utando kwa urahisi zaidi.

Hatua ya tatu ilikuwa ya Peter Mazur wa Maabara ya Taifa ya Oak Ridge, Tennessee. Mwaka 1963 alionyesha kwa hesabu jinsi kasi ya kupoa inavyoamua hatima ya seli. Seli ikipozwa polepole mno, maji hutoka, nayo hunyauka na kukaa muda mrefu ndani ya chumvi kali. Ikipozwa haraka mno, maji hayapati muda wa kutoka na hugeuka barafu ndani yake. Baina ya hatari hizo mbili ipo kasi inayofaa, nayo hutofautiana kati ya aina moja ya seli na nyingine. Mwaka 1972, Mazur na wenzake waliliweka wazo hili katika nadharia ya mambo mawili yanayosababisha madhara ya kuganda.

4.0 Ugumu wa Seli ya Baharini

Maarifa ya Mill Hill na Oak Ridge yalitokana na mbegu za wanyama, damu na seli za maabara. Kuyahamishia kwenye mwani wa baharini kulileta matatizo ambayo hayakuwa yamezingatiwa.

Tatizo la kwanza ni chumvi. Kilo moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Iwapo madhara ya kuganda hutokana kwa sehemu kubwa na ukolezi wa chumvi, basi seli ya baharini huanza safari hiyo ikiwa tayari katika mazingira makali. Kuongeza kemikali kinga huzidisha uzito huo. Myeyusho wenye asilimia 10 ya dimethili salfoksaidi una takriban moli 1.4 za kemikali hiyo katika kila lita, ilhali chembe zote zilizoyeyuka katika maji ya bahari ni takriban moli moja kwa lita. Kwa muda wa dakika chache za mwanzo, kabla kemikali haijapenya, seli hujikuta katika myeyusho wenye nguvu ya kuvuta maji inayozidi mara mbili ile iliyoizoea. Huweza kunyauka na kufa kabla ya baridi kuifikia.

Tatizo la pili ni sumu ya kemikali yenyewe. Dimethili salfoksaidi, methanoli, ethilini glaikoli na gliseroli zote hudhuru seli zikizidi kiasi au zikikaa nayo muda mrefu. Kiasi kinachotosha kuzuia madhara ya barafu huenda kikazidi kile ambacho seli inaweza kukistahimili. Kwa hiyo, mtafiti hana budi kutafuta kipimo, muda na jotoridi ambavyo kwavyo faida huishinda hasara. Na kwa aina nyingine hakuna kipimo kama hicho kilichopatikana.

Tatizo la tatu ni muundo wa mwani. Mbegu ya fahali haina klorofili, wala ganda la silika, wala vakuoli kubwa iliyojaa maji. Mwani unavyo baadhi ya vitu hivyo au vyote. Mfumo wa usanisinuru uliojeruhiwa na baridi hudhurika zaidi ukiangaziwa mapema, hivyo mwanga, ambao ni uhai wa mwani, huwa hatari mara tu baada ya kuyeyushwa. Aidha, nasaba nyingi za baharini hukuzwa pamoja na bakteria wake wa asili. Bakteria hao mara nyingi huvumilia kugandishwa kuliko mwani, na mabaki ya kemikali kinga huweza kuwa chakula chao. Chupa inaweza kuchafuka kwa bakteria kabla ya mwani dhaifu kupata nguvu.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba bahari yenyewe ilikuwa tayari na mfano wa kemikali kinga. Dunaliella, mwani wa maji ya chumvi nyingi usio na ukuta mgumu wa seli, hujitengenezea gliseroli nyingi ndani yake ili kuhimili chumvi iliyo nje. Jambo hilo lilichunguzwa kwa kina na watafiti mbalimbali, wakiwemo Ben-Amotz na Avron katika miaka ya 1970. Gliseroli iliyopatikana Mill Hill kwa kosa la lebo ilikuwa imetumiwa na mwani tangu zamani. Hata hivyo, kuitengeneza ndani polepole si sawa na kumiminiwa kutoka nje kwa ghafla, na tofauti hiyo ndiyo iliyowashughulisha watafiti kwa miongo iliyofuata.

5.0 Kupima Aina Moja Moja

Mwaka 1963, Holm-Hansen alichapisha matokeo kuhusu uhai wa mwani wa kijani na wa kijani-bluu baada ya kugandishwa. Miaka miwili baadaye, Hwang na Horneland walilinganisha mwani uliopozwa kwa kasi iliyodhibitiwa na ule uliopozwa bila udhibiti. Mwaka 1973, Tsuru alichapisha kazi iliyojumuisha mwani wa baharini na wa maji baridi. Mwaka 1978, G. J. Morris wa kituo cha Cambridge alichapisha matokeo ya kugandisha nasaba 250 za mwani wa kijani wa kundi la Chlorococcales kwa njia ya kupoza kwa hatua mbili. Wingi huo ulikuwa muhimu. Haukuwa tena ushahidi kwamba mwani fulani unaweza kuvuka barafu, bali kwamba hazina nzima inaweza kuanza kuhamishwa kutoka chupani kwenda kwenye tangi la naitrojeni.

Mwani wa baharini ulifuata kwa mwendo wa taratibu. Mwaka 1980, Ben-Amotz na Gilboa walichapisha makala mawili kuhusu mwani wa baharini wa seli moja. La kwanza lilipima uhusiano wa uhai na ukubwa wa seli, umri wa mwani na hali ya usanisinuru. La pili lilichunguza jinsi ya kuuzoesha mwani ustahimilivu kabla ya kuugandisha. Mwaka 1989, McLellan alishughulikia diatomu. Mwaka 1994, Cañavate na Lubián wa Cádiz, Hispania, walipima jinsi aina sita za mwani wa baharini zilivyostahimili dimethili salfoksaidi, ethilini glaikoli na methanoli kabla hata ya kugandishwa. Mwaka uliofuata walichunguza uhusiano baina ya kasi ya kupoza, ukolezi wa kemikali na kiwango cha chumvi katika maji. Mpangilio huo wa kazi unastahili kuzingatiwa. Swali la kwanza halikuwa kama mwani utavuka barafu, bali kama utaivuka dawa.

Swali la sumu halikuishia kwenye mwani. Mwaka 2004, Tzovenis na wenzake walichapisha utafiti kuhusu uwezekano wa kemikali kinga kudhuru hatua za mwanzo za mnyororo wa chakula katika ufugaji wa viumbe wa baharini. Kituo kinachoyeyusha mwani na kuutumia kama lishe bila kuondoa kemikali kinaweza kuipeleka sumu hadi kwa wanyama wachanga. Mwaka 2006, Rhodes na wenzake wa New Zealand walitoa matokeo ya mwani wenye thamani ya kiuchumi kutoka makundi saba tofauti, jambo lililoonyesha jinsi uwanja ulivyokuwa umepanuka.

Kutokana na kazi hizi ulijengeka utaratibu ambao, kwa tofauti ndogo, hutumiwa katika hazina nyingi. Mwani wenye afya hukusanywa ukiwa katika kipindi kinachofaa cha ukuaji. Dimethili salfoksaidi huongezwa kidogo kidogo hadi kufikia asilimia 5 au 10, na mwani huachwa kwa dakika kadhaa kwenye mwanga hafifu. Vichupa hupozwa kwa takriban nyuzi moja ya Selsiasi kwa dakika hadi nyuzi 40 chini ya sifuri, kisha hutumbukizwa katika naitrojeni kimiminika. Wakati wa kuutoa, kichupa huyeyushwa haraka katika maji ya nyuzi 40 hivi, kemikali hupunguzwa makali kwa kuongeza maji ya bahari yenye virutubisho, na mwani huwekwa gizani kwa takriban siku moja kabla ya kurudishiwa mwanga taratibu.

Katika utaratibu huu, namna ya kupima mafanikio nayo ilizua mjadala. Rangi maalumu zinaweza kuonyesha kuwa utando wa seli bado ni mzima saa chache baada ya kuyeyushwa, ilhali seli hiyo haitagawanyika tena. Seli iliyo hai kwa mujibu wa rangi inaweza kuwa imekwisha kufa kwa mujibu wa hazina. Kwa hiyo watunzaji waangalifu husubiri hadi mwani uote upya ndipo waiandike nasaba kuwa imehifadhiwa. Subira hiyo huchukua wiki, na huhitaji mtu anayeujua mwani huo ulivyokuwa kabla ya kugandishwa.

6.0 Waliobaki Nje ya Tangi

Miongo kadhaa ya majaribio imeacha mchoro usio sawa. Mwani wa kijani wenye seli ndogo na ukuta imara, pamoja na aina ndogo kama Nannochloropsis, huvuka barafu vizuri. Diatomu nyingi zimefanikiwa, ingawa kwa viwango tofauti. Dinoflajelati nyingi na kriptofaiti kama Rhodomonas zimekuwa ngumu. Seli kubwa, zenye mikia ya kuogelea na zisizo na ukuta thabiti, mara nyingi hupasuka au hufa baada ya siku chache.

Mchoro huo haukupangwa na mtu, lakini una matokeo ya kisera. Miongoni mwa dinoflajelati wamo wale wanaoishi ndani ya matumbawe na kuyapa sehemu kubwa ya chakula chake. Wamo pia wale wanaosababisha mawimbi mekundu na sumu katika chaza na kombe. Hawa ndio ambao wanasayansi wa mazingira na wakaguzi wa vyakula vya baharini huwahitaji zaidi kama vielelezo vya kulinganishia, nao ndio ambao kwa kiasi kikubwa bado wanahamishwa kwa mkono. Kinachohifadhika kwa urahisi si lazima kiwe ndicho kinachohitajika zaidi. Hazina inayojivunia idadi ya vichupa vilivyo katika naitrojeni inaweza kuwa imehifadhi vizuri kile ambacho hakikuwa hatarini sana.

Thamani ya kudumu kwa utunzaji huonekana katika mfano wa Thalassiosira pseudonana. Nasaba yake mashuhuri ilitengwa na Robert Guillard mwaka 1958 kutoka ghuba ya Moriches, Long Island, Marekani. Mwaka 2004, nasaba hiyo ikawa diatomu ya kwanza kusomwa jenomu yake yote. Baina ya kutengwa na kusomwa ilipita miaka 46. Mwaka 1958 hakuna aliyeweza kueleza jenomu hiyo ingetumiwa kwa nini, wala kuahidi faida yake. Iliwezekana kusomwa kwa sababu kuna watu walioendelea kuitunza.

7.0 Mafunzo kwa Afrika Mashariki

Ugunduzi wa Mill Hill ulifika Afrika Mashariki zamani, lakini ulifika kwa njia ya ng'ombe wala si kwa njia ya bahari. Kituo cha uhimilishaji cha Kabete, Kenya, kilianzishwa mwaka 1946, miaka mitatu kabla ya makala ya Polge na wenzake. Kwa miongo mingi sasa, vituo vya Kabete, Usa River nchini Tanzania na Entebbe nchini Uganda vimehusika na mbegu za mafahali zilizogandishwa. Mhimilishaji anayebeba mtungi wa naitrojeni kimiminika hadi kwenye zizi la mfugaji anatumia maarifa yaleyale yanayojadiliwa hapa. Hivyo, si kweli kwamba teknolojia hii ni ngeni katika eneo hili. Kilichokosekana ni kiungo kati ya sekta ya mifugo, yenye naitrojeni na mafundi, na sekta ya bahari, yenye mwani.

Upande wa bahari nao una taasisi. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyopo Zanzibar ilianzishwa mwaka 1978, na Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, yenye makao makuu Mombasa, mwaka 1979. Kadiri ufugaji wa mwatiko, kamba, kaa na majongoo bahari unavyopanuka, ndivyo mahitaji ya mwani hadubini wa kulishia yanavyoongezeka. Historia iliyoelezwa hapo juu inaonyesha kuwa nasaba zinazotumiwa zaidi duniani kwa kazi hiyo zilitengwa katika bahari nyingine, ikiwemo ile ya Port Erin. Kilimo cha mwani mkubwa Zanzibar, kilichoanza kibiashara mwaka 1989 kwa mbegu kutoka Ufilipino, kimekwisha kutoa onyo. Mwani wa thamani zaidi, unaojulikana kwa wakulima kama kotoni, umeathiriwa vibaya na kupanda kwa jotoridi la maji ya kina kifupi. Kutegemea mbegu chache zilizotoka mbali ni kuweka riziki ya watu wengi, hasa wanawake wa pwani, juu ya msingi mwembamba.

Mafunzo matatu yanajitokeza. Kwanza, tangi la naitrojeni si hazina. Naitrojeni huvukiza mchana na usiku, na tangi lisipojazwa kwa wakati kazi ya miaka mingi hupotea kwa siku chache. Bajeti inayonunua tangi bila kumwajiri mtu wa kulijaza na kuyeyusha vichupa vya majaribio kila baada ya muda hainunui uhifadhi. Pili, ni busara kuanza na aina zilizokwisha kuthibitika, kama vile mwani mdogo wa kijani na Nannochloropsis, kwa vifaa vya bei nafuu. Chombo chenye isopropanoli kinachowekwa ndani ya friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri hupoza vichupa kwa kasi inayokaribia nyuzi moja kwa dakika, kabla ya kuhamishiwa kwenye naitrojeni. Friza hiyo yenyewe haitoshi kwa uhifadhi wa muda mrefu, kwa sababu katika jotoridi lake mabadiliko ndani ya seli huendelea polepole. Aina ngumu ziendelee kuhamishwa kwa mkono huku zikifanyiwa utafiti, na kila nasaba iwe na nakala katika taasisi mbili zilizo mahali tofauti.

Tatu, suala la umiliki lisiachwe hadi mwisho. Mkataba wa Bioanuwai wa mwaka 1992 ulitambua mamlaka ya dola juu ya rasilimali zake za kijenetiki, na Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 iliweka utaratibu wa kugawana manufaa yake. Hata hivyo, haki hiyo hutumika kwa urahisi pale ambapo nchi inaweza kuonyesha nasaba yenyewe ikiwa hai, pamoja na kumbukumbu za mahali, tarehe na njia ya kuipata. Nchi isiyo na hazina hulazimika kuomba kilichotoka katika maji yake kutoka kwa aliyekihifadhi.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejadili jinsi kemikali kinga zilivyobadilisha utunzaji wa mwani hadubini wa baharini na jinsi mabadiliko hayo yalivyobaki na mipaka. Gliseroli na dimethili salfoksaidi zilifungua njia, lakini njia hiyo ilibidi ipimwe upya kwa kila aina, kwa sababu kemikali inayoikinga seli ndiyo inayoweza kuiua. Kazi hiyo ilifanyika katika taasisi ambazo zilikuwa zimeutunza mwani kwa mkono kwa miongo kadhaa na ziliujua ukiwa hai. Kwa watunga sera wa Afrika Mashariki, fundisho ni kwamba ugandishaji haumwondoi mtunzaji, bali humpunguzia kazi na kumwachia nafasi ya kushughulikia aina zilizo ngumu zaidi. Naitrojeni ipo Kabete, Usa River na Entebbe. Mwani upo katika bahari ya Hindi. Kinachosubiriwa ni uamuzi wa kuviunganisha, na kuwaajiri watu watakaodumu katika kazi hiyo kwa muda mrefu kuliko mradi mmoja.